Mjukuu Wangu Alikata Geti la Nyuma Katika Maneno Yangu

Siku hiyo jikoni kwangu Kapseret tulikuwa watu watatu. Mimi, Sabina Kerubo, mwenye boma. Mjukuu wangu Lydia Moraa, mtoto wa binti yangu wa pekee, marehemu Bosibori. Na kijana Wekesa, aliyesoma darasa moja na Moraa huko chuoni, ambaye alikuja kushika kipaza sauti. Nje, karibu na dirisha, alikuwa Sista, ng'ombe wangu. Naye namhesabu kati ya waliokuwepo, kwa sababu ng'ombe huyo alikuwa undugu wenyewe kati yangu na jirani, na hapo mbele nitaeleza undugu huo ulitoka wapi.

Mimi nimepita miaka sabini na tano. Shule niliachia darasa la tatu, nikapelekwa kuchunga. Lakini Mungu hakuninyima kichwa. Jina la mtu nikishalisikia mara moja, halitoki tena. Mkunga aliyenizalisha Bosibori namkumbuka jina, na jina la mume wake, na la mbwa wao. Watu hunisifu kwa hilo. Leo ninaona afadhali ningezaliwa msahaulifu...

Wasomaji wenzangu, nisikilizeni polepole. Haya yangu hayana mwizi wala mlevi. Yana mtoto niliyemlea mwenyewe, na shule niliyomwombea kwa magoti.

Moraa alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja hapa Eldoret, kusomea mawasiliano ya kimkakati. Nililirudia jina hilo mpaka likakaa mdomoni. Mwanzo nilidhani ni kazi ya kupokea simu ofisini. Na haikuwa digrii moja. Ilikuwa ile ya kuunganisha: unaingia kwa digrii ya kwanza, na ukifanya vizuri hutoki nje, unapitiliza moja kwa moja mpaka masta. Lakini katikati kuna mlango mwembamba. Lazima ufanye kampeni yako mwenyewe, isikilizwe na watu wa kweli, kisha walimu wakae wakupime. Ukishindwa, unapewa digrii yako ya kwanza, unaambiwa kwaheri.

Jirani yangu wa ua kwa ua, Tabitha, aliposikia alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Bosibori, mtoto anasomea kuongea? Huyu wako alinyamaza lini ndiyo afundishwe?"

"Si kuongea tu, Kogo," Moraa akamwambia, maana kwa lugha yao nyanya anaitwa Kogo, na Moraa alimwita hivyo tangu utotoni. "Ni kujua uongee na nani, saa gani, na kwa njia gani."

"Basi hiyo mimi niko na masta kitambo," Tabitha akasema. "Nimeishi nyumba moja na mama mkwe na hatukuwahi gombana."

Tulicheka sote. Mnaona jinsi nyumba hizo mbili zilivyokuwa? Kila asubuhi mwana wa Tabitha, Kiprop, alipita na pikipiki yake na mitungi, akachukua maziwa yangu pamoja na ya wengine, akayapeleka kwenye mtambo wa kupozea. Maziwa hayo ndiyo yaliyomsomesha Moraa. Hata siku ya kwanza ya chuo, Kiprop huyo ndiye aliyemfunga sanduku nyuma ya pikipiki na kumfikisha. Alikataa hata soda. Alisema, "Mama, huyu ni mtoto wa kwetu."

Sasa turudi nyuma kidogo, maana bila hapo hamtaelewa machozi yangu.

Kwetu asili ni Kisii. Marehemu mume wangu alikuja Eldoret kama kibarua, akanunua kipande cha shamba Kapseret, akajenga, akanizikia hapo watoto wawili wachanga. Naye akafa, nikamzika hapo hapo. Tabitha ni mwenyeji. Kiprop alizaliwa nikiwa jirani, nikamwogesha akiwa na siku chache, mama yake akiwa hajiwezi. Nilimjua mgongo wake kabla hajajua jina lake.

Vile vita vya baada ya uchaguzi vilitukuta hapo. Ilikuwa mchana mweupe. Tulianza kusikia mayowe upande wa barabara, kisha tukaona moshi kwa majirani. Bosibori alikuwa mgonjwa wa kifua tangu Krismasi. Nilimfunga Moraa mgongoni, mtoto mdogo asiyejua kitu, tukasimama katikati ya boma kama kuku aliyenyeshewa. Twende wapi? Barabarani ndiko walikokuwa vijana waliokuwa wakitufukuza sisi tuliotoka kwingine.

Kati ya boma langu na la Tabitha palikuwa na geti dogo la nyuma, la kupitishia ng'ombe kwenda kunywa maji. Geti likafunguka. Aliyesimama hapo alikuwa Kiprop, uso umepakwa matope. Alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa zinaanza tu. Nilidhani amekuja kutuua.

Akasema, "Mama, piteni huku. Msishike barabara. Pitieni kwetu mpaka kanisani. Na msiangalie nyuma."

Tukapita. Tulipofika katikati ya mabua ya mahindi ya Tabitha, mimi nikaangalia nyuma. Kwa nini niliangalia? Niliona vijana wamejaa mbele ya nyumba yangu. Nikaona Kiprop ameshazunguka, yuko nao. Nikaona ameshika kifurushi cha nyasi kinachowaka. Nikamwona akikitupa kupitia dirishani kwangu, yeye wa kwanza, na wengine wakafuata.

Mkono uliotufungulia geti ndio uliochoma nyumba. Labda asingetupa wangemuuliza alikuwa wapi. Labda moyo wake ulikuwa pande zote mbili. Sikuwahi kujua.

Tulikaa kwenye hema uwanja wa maonyesho, pamoja na watu wengi kama sisi. Baridi ya Eldoret mnaijua. Matope yaliingia mpaka mahali pa kulala. Kifua cha Bosibori hakikuweza. Alikohoa, akakohoa, siku moja akaniomba nimshikie mtoto kidogo apumzike... na hakuamka. Kama tungekuwa nyumbani kwenye joto la jiko langu, angepona? Swali hilo nimelala nalo miaka yote.

Tulirudi Kapseret hali ilipotulia, mimi na Moraa tu. Tulipiga hema juu ya majivu yetu wenyewe. Sikuwa na nguvu ya kumchukia mtu. Nilikuwa kama gunia tupu.

Asubuhi moja Tabitha alikuja. Mkono mmoja ameshika nyasi mbichi, mkono wa pili kamba, na kwenye kamba mtamba mwekundu mwenye madaha. Pamoja naye alikuwa Mzee Arap Busienei, mkubwa wa ukoo wao. Nyuma kabisa alikuwa Kiprop, kichwa chini.  Mzee ndiye aliyesema.

"Mama Bosibori, hii si malipo. Mtu halipwi. Hii ni ya kufanya nyumba hizi mbili ndugu. Kwetu, ukishika kamba, mambo yamelala. Hakuna mtu wa nyumba hii wala ile atayaamsha kwa mdomo. Ndugu hataji ubaya wa ndugu mbele ya watu. Ukikataa kamba, hatutakasirika. Tutarudi na ng'ombe yetu."

Nilimtazama Tabitha. Alikuwa amekonda kuliko mimi niliyetoka kwenye hema. Nikashika kamba. Kiprop akaanguka chini akalia kama mtoto, na mama yake hakumwinua, wala mimi. Tulimwacha amalize.

Moraa alikuwa ndani ya hema, amelala. Hakuna aliyemwamsha.

Ng'ombe huyo ndiye Sista. Tabitha alimpa jina hilo kwa sababu alitembea kama mtawa anayekwenda misa. Alinizalia mitamba, nikajenga tena, nikamlea Moraa. Na mambo yalilala kweli. Miaka yote hiyo, mimi na Tabitha tulizungumza kuhusu mvua, magonjwa, wakwe, na kila takataka ya dunia. Hilo hatukuligusa. Hata Moraa sikumwambia. Alijua nyumba ilichomwa, alijua mama yake alifia kambini. Hakujua ni nani.

Mpaka hiyo siku ya jikoni.

Uchaguzi mwingine ulikuwa unakaribia, na Moraa na Wekesa walikuwa wameamua kampeni yao iwe ya amani. Walitaka sauti ya mtu aliyeona kwa macho. Moraa aliniambia, "Magokoro, ni ya shule tu." Kwetu Magokoro ni nyanya. Mtoto akiniita hivyo siwezi kumnyima figo.

Wekesa aliniambia, "Shosho, ongea kama unamwambia Moraa. Mimi chukulia sipo."

"Nitachukulia vipi haupo na viazi vyangu umemaliza?"

Wakacheka, nami nikacheka, na moyo ukafunguka. Hapo ndipo nilipopotea njia, wasomaji. Mzee alisema tusitaje mbele ya watu. Mimi nilijiambia, hawa si watu. Mmoja ni mtoto wa nyumba. Wa pili ana kitu cha kazi masikioni, ni kama fundi aliyekuja kutengeneza paa. Nilidhani neno likisemwa jikoni linabaki jikoni. Nilijuaje mimi kuwa kile kidude kidogo cha kurekodi pale mezani ni umati wa watu?

Nilisema yote. Kuanzia moshi mpaka geti, kutoka geti mpaka moto. Na kwa kuwa jina halinitoki, nilisema jina. Moraa alikuwa ameinamisha uso. Nilipomaliza alinyanyuka. Alitoka nje akasimama karibu na Sista muda mrefu.

Mimi nilisahau habari hiyo. Moraa alirudi chuoni, mimi nikarudi kwa ng'ombe zangu.

Siku moja nilikwenda kwenye mtambo wa maziwa kuuliza habari za dawa ya kupe. Wanawake waliokuwa wakiongea walinyamaza nilipofika. Mama Nafula, anayeuza uji hapo, alikuwa ameshika simu. Ndani ya simu nikasikia mtu ninayemjua. Nilichukua muda kutambua kwamba ni mimi.

Sauti yangu ilisema: "Tulipofika katikati ya mabua nikaangalia nyuma. Nikamwona Kiprop, mtoto wa Tabitha, ambaye nilimwogesha mimi mwenyewe. Akatupa moto ndani ya nyumba yangu." Kisha: "Na binti yangu akafia kambini." Kisha muziki wa huzuni, na sauti nzuri ya Moraa: "Tusirudi huko."

Nilingoja. Nikamwambia Nafula, "Kuna mahali pa geti, liko wapi?"

"Imeisha, Mama. Ni hiyo tu. Iko kwa simu ya kila mtu, na asubuhi ilikuwa kwa redio."

"Haijaisha. Nilisema geti. Nilisema alitufungulia."

"Mimi sijui, Mama Bosibori. Hapa haiko."

Nilikaa chini kwenye kreti ya maziwa. 

Mambo yaliyofuata yalikwenda kama maji ya mteremko, na mimi nimesimama tu nikitazama. Kikundi cha maziwa kilimwambia Kiprop apumzike kwanza. Watoto wake walirudi kutoka shule wakilia, kwa sababu wenzao waliwaita watoto wa kiberiti. Wageni wa kutoka mjini walikuja na pikipiki wakauliza kwa Kiprop ni wapi, na hakuna aliyejua wanataka nini. Wengine wakasema atapelekwa kortini. Wengine wa upande wao wakasema mimi nimelipwa na wanasiasa. Kampeni ya amani! Kapseret haikuwa imetazamana hivyo tangu ile Januari ya vita.

Nilikwenda kwa Tabitha. Mlango ulikuwa umefungwa na moshi wa jiko unatoka. Niligonga, nikaita. Moshi uliendelea kutoka.

Kisha asubuhi moja sikusikia pikipiki. Nilitoka na maziwa yangu mpaka njiani. Mitungi yangu, ile ambayo Kiprop alikuwa nayo, ilikuwa imeoshwa safi na kufunikwa juu ya vigingi vya ua. Mke wake, Jelagat, alikuwa akifagia. Alisema bila kuinua macho, "Ameenda kutafuta kazi." Wapi? "Hakusema." Na mpaka leo hajasema.

Moraa alikuja nyumbani nilipomwita. Hakuwa amevimba kichwa kama mnavyofikiri. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Nilimuuliza jambo moja tu. Geti liko wapi?

"Magokoro, tunafundishwa kampeni ibebe ujumbe mmoja. Ukiweka mawili, mtu anabaki na sifuri. Geti lingewachanganya. Msikilizaji angeuliza, sasa huyu ni mtu mbaya au ni mzuri?"

"Na mimi nimejiuliza hivyo hivyo tangu wewe ukiwa mgongoni kwangu. Kwa nini wao wasijiulize?"

Akavuta kiti, akaketi.

"Na jina je? Si ungesema kijana fulani?"

 Akasema polepole, akiangalia sakafu.

"Mama yangu alikufa. Nyinyi mkapatana kwa ng'ombe. Mimi hakuna mtu aliniuliza. Nimekunywa hayo maziwa miaka yote, Magokoro. Nimebebwa na hiyo pikipiki. Hamkuniambia ni ya nini."

Mnataka kujua nilimjibu nini?   Niliingia ndani ya blanketi langu mchana na viatu vyangu. Alikata geti kwa sababu ya walimu wake, au kwa sababu ya mama yake? Mimi sijui. Nadhani na yeye hajui.

Kumpa haki yake, alijaribu. Yeye na Wekesa walitoa ile sauti nzima, yenye geti, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Waliituma kila mahali walikotuma ya kwanza. Lakini ile ndefu haikutembea. Nilimuuliza Nafula kama ameisikia. Akasema, "Nilianza, Mama, halafu bando ikaisha." Mwingine akasema anangoja kupata nafasi. Redio wakasema hiyo habari imeshapita. Ile fupi ilikuwa imeota miguu. Hii ndefu ilibaki imekaa kama mgeni asiyekaribishwa.

Moraa alikwenda pia kwa Tabitha, akapiga magoti mlangoni. Tabitha alimkaribisha, akampa kiti, akampa chai ya rangi. Mnaojua nyumba za wafugaji mnaelewa. Nyumba yenye ng'ombe, ukipewa chai bila maziwa, umeambiwa wewe ni mpita njia. Moraa aliinywa yote.

Walimu nao walikaa wakampima. Walisema kampeni imefikia watu wengi kuliko zote za darasa lao. Moraa akapita mlango mwembamba, akaingia masta. Hawakuwa watu wabaya, waliona tu vile imesambaa. Kapseret hawakuiona.

Baada ya mavuno Tabitha alikuja kwangu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mtambo. Alikuja peke yake, maana Mzee Arap Busienei alikuwa ameshafariki. Alikuwa amejifunga leso vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Nilifurahi kama mjinga. Nilianza kuweka maji ya chai.

"Usiweke, Mama Bosibori. Nimekuja kwa sababu ya Sista."

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri anataka kumwona.

"Mama Kiprop, mimi nilisema na geti," nikamwambia. Maneno yalitoka yakigongana. "Nilisema yote mawili. Wao ndio walikata. Moraa ana ile nzima, sikiliza..."

"Nimesikiliza. Aliniletea. Nimesikia mpaka mwisho, mara ya kwanza na ya pili."

"Basi umesikia nilivyomtetea."

"Nimesikia." Alinitazama usoni, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Mimi siumwi na ile iliyokatwa. Naumwa na ile iliyosemwa. Mzee hakusema tuyaamshe kwa usawa. Alisema tusiyaamshe."

"Alikuwa ni mjukuu wangu. Jikoni kwangu."

"Na mimi nilikuwa na mtoto. Nilipomwona amelia siku ile, nilijua hata nikifa amebaki na mama mwingine hapa ng'ambo ya ua." Akapumua. "Nipe kamba, Mama Bosibori. Haiwezi kutoka kwa kigingi. Ni lazima itoke kwa mkono wako."

Ningekataa? Ningeita nani? Ng'ombe hakuwa mali yangu wala yake. Alikuwa neno, na neno nilikuwa nimelivunja. Nilikwenda zizini. Vidole vyangu siku hizi vimepinda kwa baridi yabisi, fundo likanishinda. Tabitha alisimama pembeni akingoja. Hakunisaidia, maana hakuruhusiwa. Nililifungua kwa meno.

Nikamwekea kamba mkononi.

"Hao watoto wa Sista bakia nao," alisema. "Walizaliwa kwako."

Sista hakutaka kutoka. Alikuwa mzee, amezoea ukuta wangu. Tabitha alimsemesha kwa lugha yao, polepole, mpaka akasogea. Walipita lile geti la nyuma. Mitamba ikalia mpaka jioni, na mimi nilikaa nje nayo, kwa sababu ndani sikuweza.

Hakuna aliyenifukuza Kapseret, wasomaji. Naomba muelewe hilo. Hakuna aliyenirushia jiwe wala kunitukana. Lakini maziwa yangu hayakuwa na wa kuyabeba. Salamu ilikuwa inafika nusu. Nilipougua homa, hakuna aliyepitia uani kuuliza mbona leo moshi hautoki kwangu. Mwisho Moraa alikuja akanichukua, akanileta mtaa wa Pioneer hapa mjini, kwenye nyumba ya kupanga. Hapa kuna stima na maji ya mfereji. Shamba nimemwachia mtu wa kukodi. Makaburi yangu yako huko.

Moraa alimaliza masta yake. Nilikwenda siku ya kofia. Nilivaa nguo zangu nzuri, na alipoitwa jina nikapiga makofi na vigelegele, kwa sababu ni mjukuu wangu, na nani mwingine angempigia? Aliniangalia kutoka huko mbele. Sasa anafanya kazi kwenye ofisi moja huko Elgon View. Ananipikia, ananinunulia dawa. Hatuzungumzii hilo. Tumejifunza kulinyamazia, sisi wawili, kama nilivyokuwa na Tabitha. Lakini huku kwetu hakuna ng'ombe aliyeshikwa kamba.

Tabitha nilimwona sokoni mwaka huu. Alinisalimu vizuri: "Habari ya leo, Mama." Akauliza bei ya mboga za managu kwa yule anayeuza, akaenda. Mama. Hakusema Mama Bosibori.

Mtasema, sasa wewe mzee, mbona unarudia kosa? Mbona unataja tena? Nimelifikiria sana. Kwa Tabitha najua sina la kurekebisha. Lakini jina la Kiprop limeshatembea, na lilitembea na nusu. Kuna watu wanaolijua jina hilo kwa moto peke yake. Nataka wajue pia kwamba mimi niko hai, na Moraa yuko hai, kwa sababu ya mkono huo huo. Moraa ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asikate. Tulipofika pale alipotaja mama yake, aliacha kuandika, akauliza kama ni lazima. Nikamwambia na hapo pia.

Ninyi vijana mnaosomea kuongea, nawasihi. Msiingie jikoni kwa mzee na kidude mezani mkamwambia ni ya shule tu. Muulizeni kwanza, Magokoro, au Kogo, au Kukhu, hili neno lina mwenyewe? Likiwa na mwenyewe, nendeni mkamwombe. Na sisi wazee, tusijidanganye. Tukifanya amani, tuwaamshe watoto waliolala hemani, tuwaambie kamba hii ni ya nini, hata kama watalia. Mimi nilimwacha Moraa alale, na alipoamka, hakuna aliyeweza kumtuliza. Msipite njia hii. Haina pa kugeukia.

Nimesema majina kama ninavyoyakumbuka: Tabitha, Kiprop, Jelagat, Nafula, Wekesa, Mzee Arap Busienei. Ninyi wa Kapseret mliokuwepo, kama kuna mahali nimechanganya siku au mtu, nisahihisheni, sitakasirika. Kichwa ni cha mzee. Na wewe Kiprop, popote ulipo, kama uliyoniambia pale getini si maneno hayo, au kama nilikosea kuona nilipogeuka, njoo unisahihishe wewe mwenyewe. Uliza Pioneer, kwa Mama Bosibori. Jina hilo bado ninaitikia.